Wakesho, Tarumbeta na Usingizi wa Matangani

Msiba ukitokea katika landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli pale Voi, Wakesho ndiye aliyefika wa kwanza. Kuni atabeba, maji atateka, maharagwe atachambua mpaka vidole vife ganzi. Lakini jua likizama tu, huyoo, anajitanda leso na kurudi kwake. Na kwa watu wale, kumpikia mfiwa kisha kumwacha alale peke yake ni kazi nusu. Wanawake hulala naye sakafuni, jamvi moja, mpaka siku ya kuzika.

"Anajiona," alisema jirani yake Mable, ambaye mdomo wake haukuwa na breki. "Siku akifiwa yeye, tutaona nani atalala kwake."

Maneno hayo yalimchoma Wakesho, maana hakuwa na maringo hata chembe. Alikuwa anakoroma. Tena si kukoroma kwa mchezo: mumewe Danson, mtu aliyezoea kulala magarimoshi yakipita, alikuwa ameshahamia jikoni. Angeanzaje kunguruma hivyo kando ya mjane?

Mwaka wa 1974, Thadeus, aliyepuliza tarumbeta kubwa katika bendi ya kanisa, alihamishiwa Taveta. Danson, kiongozi wa bendi, akaileta tarumbeta nyumbani huku akihangaika kutafuta mtu. Wakesho akaichukua, akapuliza kwa utani. Ikatoka sauti nene, mbuzi wakatimua mbio. Danson akacheka, kisha akaacha kucheka. Krismasi ilikuwa inabisha hodi, na mtu mwingine hakuwepo.

Basi mama mzima akawa anapuliza uani kila jioni, mashavu yamefura. Walimcheka, Mable akiwa mbele. Midomo ikamvimba, kizunguzungu kikamshika, asiache. Moyo ule ungegawiwa bendi nzima, ungetosha na kubaki.

Mwaka uliofuata Danson alirudi kitandani mwenyewe, bila kuitwa.

"Mama Alice," alimwambia mkewe asubuhi moja wakinywa uji, "koo lako limekomaa kwa mazoezi. Siku hizi unakoroma kama binadamu."

"Kwani bado nakoroma?"

"Kidogo tu."

Hicho kidogo kilimnyima raha.

Kisha Stephen, mume wa Mable, akafa ghafla, akapelekwa kwao Wundanyi kuzikwa. Wakesho akapanda milima pamoja na wafiwa. Alipika, akateka maji, na jua lilipozama wanawake wote wakamtazama. Akakunja leso yake, akaifanya mto, akajilaza kando ya Mable. Aliapa hatafumba jicho. Usingizi ukamwiba.

Alipozinduka kulikuwa kumepambazuka, ukungu umejaa mlangoni, na wanawake wanamwangalia. Akajua. Aibu ikampanda mpaka masikioni, akaokota leso yake ajiondokee. Mable akamdaka mkono.

"Umekoroma."

"Nisamehe, dada. Nilijitahidi."

"Tangu Stephen anitoke sijapata usingizi," Mable alisema. "Nyumba kimya namna hii, mimi siiwezi. Jana nikakusikia wewe, polepole, vile yeye alivyokuwa akikoroma. Nikalala."

Wakesho akairudisha leso chini. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Na leo ulale hapa hapa," Mable alisema, bado amemshika mkono. "Usiende."