Siku Evelina alipofuta kazi zisizo zake

Saa moja kasorobo asubuhi, jua likiwa bado halijakolea, Evelina Nambunga anatandika shuka jeupe juu ya meza barazani kwake, Newala mjini, na kuweka hapo pakiti moja ya korosho. Anapiga picha. Anaitazama kwenye simu, anaguna, anaifuta.

"Jana kivuli, juzi upepo," anasema. "Leo siondoki hapa mpaka itoke vizuri."

Evelina, mwenye umri wa miaka 34, ni mbunifu wa lebo na nembo. Hana ofisi wala mwajiri. Wateja humpata kupitia ukurasa wake kwenye tovuti moja ambako wabunifu huonyesha kazi zao, na picha anayoihangaikia ni ya kwenda huko.

Miezi minane ya mwanzo, ukurasa huo haukumletea mteja hata mmoja.

Alianza na brashi. Akiwa msichana huko Lulindi aliandika mabango ya kwaya. Baadaye maduka ya watu binafsi yalipoongezeka Masasi, akaandika vibao. Kampuni za simu zilipoanza kushindana na bando kushuka bei, akauza korosho za msimu mzima, akanunua kompyuta iliyotumika.

"Nilidhani nikisema niko Newala hakuna atakayenitazama," anasema. Basi akaandika kwamba yuko Dar es Salaam na anaweza kila kitu. Akapandisha picha 31. Zake zilikuwa nne. Nyingine zote alizichukua mtandaoni.

Siku moja ikaingia simu kutoka Arusha. Mpigaji alijitambulisha kwa jina la Flora, mfanyabiashara wa asali.

"Dada, hii lebo ya chupa umeitengeneza wewe?"

"Ndiyo, ni yangu."

"Mbona ni kazi ya mdogo wangu? Aliichora nikimwona, mezani kwangu."

Evelina akakata simu. "Niliona aibu hata kumtazama mwanangu Lois," anakumbuka.

Kesho yake akapiga mwenyewe, akaomba radhi bila kujitetea. Flora alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza: "Kwani wewe mwenyewe umetengeneza nini?"

Akamtajia vibao, mabango, na pakiti ya korosho ya kikundi cha Mnyambe.

"Sasa hizo mbona sizioni?"

Siku hiyohiyo alifuta picha zote, hata zile nne zake, kwa kuwa zilikuwa zimepigwa ovyo. Akakodi bodaboda, akaanza kuzifuata kazi zake zilipo.

Masasi alikuta kibao alichokipenda kuliko vyote kimepakwa rangi upya na kuandikwa jina la duka jingine. Lulindi, bango la kwaya lilikuwa limepauka, lakini herufi zilisomeka. Akalipiga picha hivyohivyo. Mnyambe akamkuta mwenyekiti wa kikundi, Nurdini, akisimamia ubanguaji.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuuliza, ile pakiti imewasaidia chochote?"

"Marahaba, Mama Lois. Siku zote hizo hukuuliza? Zamani tulifunga kwenye nailoni, kila mnunuzi akitaja bei anayoitaka yeye. Sasa mteja anageuza pakiti, anasoma Mnyambe, ananunua bila maneno mengi."

Evelina aliyaandika maneno hayo chini ya picha ya pakiti, neno kwa neno. Ukurasa mpya ukawa na kazi tano tu, kila moja ikieleza ilifanywa kwa ajili ya nani na ilitatua nini. Penye mahali anapoishi akaandika: Newala.

Zikapita wiki tisa za kimya. Kila Jumatatu alirekebisha kitu, mara sentensi, mara picha. Dada yake, Leonia, alimshauri arudi kwenye vibao.

"Nilimwambia, dada, nikirudi sasa ile aibu nitakuwa nimeila bure."

Wiki ya kumi akaandikiwa na mtengeneza sabuni wa Iringa. Wakafuata wengine. Sasa hupata lebo tatu kwa mwezi, kipato cha kama shilingi 180,000, na anaipunguza kazi ya brashi kidogo kidogo.

Anachokitaka ni chumba Masasi, apate mashine ya kuchapia, ili vikundi vya korosho visisubiri pakiti kutoka mbali. Chumba ameshakiona.

"Mwenye nyumba anasema watu wa kompyuta huwa hawadumu pale," anasema Evelina. "Nikamwambia asimpangishe mtu mwingine. Alicheka. Mimi sikucheka."