Shati Nyeupe ya Bosi

Leo matangani Malava nimekutana na mtu aliyeniharibia kabati la nguo.

Bosi wangu wa kwanza!

Miaka ya tisini, ofisini Kakamega, nilivaa suti na shati ya samawati. Akanisimamisha mbele ya makarani wote: "Hii ni ofisi, si disko. Shati ni nyeupe! Rudi kwako Shirere ubadilishe!"

Nikarudi kwa miguu, na mvua, na suti ndiyo hiyo moja.

Tangu hapo navaanga nyeupe tu. Hata harusini kwangu.

Leo mzee amekuja na shati ya pinki. Pinki, jameni!

Akanitazama, akacheka: "Nyeupe tu kama mwanafunzi? Nani alikufundisha kuvaa?"

"Ni wewe, mzee."

Akakunja uso. "Kwani wewe ni nani?"

Kesho nanunua nyekundu. Wa kucheka acheke sasa.