Kicheko Kati ya Rafu

Mwezi uliopita nilikuwa katika maktaba ya chuo kimoja hapa Kasese, mvua ikipiga mabati, wanafunzi wa kikundi cha maigizo walipoingia wameloa. Ukumbi wao ulikuwa unavuja, na kesho yake walikuwa na onyesho Bwera, mji wa mpakani.

"Mama, tuachie ile kona tufanye mazoezi," kiongozi wao alimwomba mkutubi.

Mkutubi alishusha miwani. "Fanyeni, lakini nisisikie hata neno moja."

Basi wakaigiza bila kusema. Msichana mmoja, akiwa mke, alishuka mlima wa Kyarumba na gunia la kahawa kichwani, magoti yakimtetemeka. Nyuma yake kijana aliyeigiza mume alitembea kwa madaha, amebeba mwavuli, akijifunika peke yake. Tukaacha kusoma, mmoja baada ya mwingine. Mume alipojipangusa jasho, polisi aliyekuwa akijisomea sheria alishindwa kuvumilia.

"Huyo bwana iko na mikono, kwa nini haibebi?" alifoka. Maktaba nzima ikaangua kicheko.

Mkutubi aligonga meza. "Nilisema kimya!"

"Mama, sisi hatujasema kitu," kiongozi wao akajibu. " Kelele ni ya wasomaji yako."

Mkutubi akageukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko, kisha akaingia kati ya rafu. Aliporudi, alikuwa amewabebea vitabu vya tamthilia. "Mkitoka Bwera mje tena," akasema. "Afande, wewe utakaa mbali."

Bwera walicheza hivyo hivyo, bila neno, na watu wa pande zote mbili za mpaka wakacheka pamoja. Rafu ya tamthilia, iliyozoea vumbi tu, sasa inagombewa. Wakubwa wa chuo huuliza vijana watavutwaje kwenye vitabu. Waruhusuni wacheke karibu navyo.