Maganda Niliyoyakosha kwa Ajili ya Idi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo siwezi kuikumbuka bila ya kuketi kwanza. Ilikuwa mjini kwetu Ibra, alasiri, siku mbili kabla ya Idi. Nilikuwa ninamalizia shahada ya uzamili huko Nizwa, nikitafiti namna metali inavyochoka na kupasuka. Silitaji hilo kwa kujisifu. Utaona punde kwa nini linanitia haya.

Ami yangu Khalfani, ndugu wa baba, alikuwa na leseni ya bunduki ya marisau, yaani chembe ndogo za risasi, na kila mwaka yeye ndiye aliyejaza upya viasi vya bunduki vya ukoo wetu kwa mashindano ya shabaha ya Idi. Kiasi kikishapigwa hubaki ganda lake, bomba la plastiki lenye kitako cha shaba. Ganda zima hutiwa fataki ya kuwashia, baruti na marisau mapya. Ganda bovu laweza kurudisha moto usoni mwa mpigaji, na mwaka ule mpigaji wetu, kwa mara yake ya kwanza, alikuwa Yusufu, ndugu yangu mdogo. Ami alinikabidhi mfuko wa maganda sitini na mawili, akaniambia nimchagulie yaliyo mazima.

Kazi ile ilinichukua siku tatu. Niliyakosha kwa sabuni, nikayakausha, nikasugua shaba mpaka ikang'aa, ndipo nikapima urefu na uzito wa kila moja na kujaza jedwali la safu tisa. Nilifikiri mengi mno, pengine kila jambo isipokuwa lile lililotakiwa.

Ami alipoiona sinia niliyoyapangia maganda, aliuliza, "Mbona umeyakogesha? Yanakwenda harusini?"

Yusufu, aliyekuwa kizingitini na simu yake, alicheka, akaenda zake. Ami hakucheka. Alitaka kujua ni yapi yaliyokuja na mstari wa masizi pale plastiki inapoingia kwenye shaba. Nikafungua kompyuta yangu, kana kwamba jibu lingekuwamo. Halikuwamo, masizi niliyaona kuwa ni uchafu tu.

"Haya, nipe lile unaloliamini kuliko yote," akasema.

Nikampa. Alilibinya mdomo kwa vidole viwili, akangoja urudi. Akalielekeza dirishani, akachungulia ndani. Kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba kuzunguka ukingo wa shaba, polepole, na ukucha ukasimama. Alichukua kisu, akalipasua kwa urefu. Ndani, karibu na kitako, palikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele.

Mwanangu, nilikuwa nimepitisha vipimo vyangu vyote juu ya ufa ule. Mzee wa miaka sabini na kitu aliuona kwa ukucha. Nilihisi baridi ya ajabu, kama mtu aliyeonyeshwa shimo baada ya kulivuka gizani.

"Moto ulipenya hapa, ukaacha alama yake," alisema kwa upole. "Wewe ukaifuta. Hili ndilo ungempa ndugu yako."

Nikamwuliza habari ya yale mengine. Akajibu kwamba huenda mengi ni mazima, ila yeye hawezi tena kuapa, maana masizi hayapo na si kila ufa hushika ukucha. Kisha, wallahi, akayakata yote, moja baada ya moja, mimi nikimshikia, ili mtu mwingine asije akayaokota na kuyatumia. Na akaniagiza mimi mwenyewe nimwambie Yusufu kwamba mwaka huu hana viasi.

"Basi Idi hii mimi ni mpiga makofi," Yusufu akasema, na safari hii hakucheka.

Siku ya Idi alisimama miongoni mwa watazamaji. Wenziwe walipiga, mimi sikuitazama shabaha hata mara moja. Nilimtazama yeye, macho yake mawili, mazima, yakifuata kila mlio.

Kwa hiyo nakunasihi. Kitu kilichotumika kikifika mkononi mwako, kitazame kwanza kama kilivyokuja, na uchafu wake, kabla hujakipendezesha. Usichokijua, sema hukijui. Na ukikiharibu kipimo, usijifiche nyuma ya jedwali. Itupe kazi yote, hata kama nusu yake ni njema, maana atakayeitumia ni mtoto wa mtu.

Mola akupe jicho lisilo na haraka na ulimi usioona haya kukiri, na kila unayempenda akurudie nyumbani akiwa mzima. Amin.