Diski Iliyopakwa Mafuta

Mama alikuwa ameipaka ile diski mafuta ya maombi. Si tone moja la heshima. Aliipaka pande zote mbili, vile mtu anavyompaka mtoto aliyetoka kuoga, akaifunga kwenye kitambaa cheupe na kuilaza chini ya Biblia. Mchungaji alikuwa amehubiri kwamba kila kilichofungwa nyumbani kipakwe mafuta nacho kitafunguka, na kwa mama hakukuwa na kitu kilichofungwa kuliko DVD ya arusi ya dada yangu mkubwa, iliyokuwa inaganda mara tu bibi-arusi anaposhuka garini. Aliponipa iliniteleza mikononi, nami nikakasirika hata kabla sijaambiwa kazi ni nini.

"Minye nilishaomba," akasema, akiniita papa kama akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao. "Sasa inabakia kazi yako, papa."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Dada yangu mdogo alikuwa anaolewa. Asili yetu ni Kasai, babu yetu aliletwa Panda, mtaa huu wa Likasi, kufanya kazi ya shaba, na ingawa siku hizi tunasali kwa kupiga makofi na kunena kwa lugha, kuna jambo moja hatujaliacha: binti hatoki nyumbani bila neno la baba yake. Baba akiwa hayupo duniani, neno linahamia kwa ndugu wa kiume wa huyo baba, si kwa mwanawe. Mama halisemi. Na ndugu wa baba aliyebaki ni mmoja tu, baba mdogo anayeuza samaki wa ziwa Tshangalele, yule yule ambaye siku ya kumzika baba alisimama katikati ya waombolezaji akasema kwamba mama ndiye aliyemmaliza kaka yake. Mpaka leo hajaomba radhi.

"Yaya, minye siwezi kuinamisha kichwa mbele yake," dada mdogo aliniambia, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa. "Heri niende bila neno."

Mama hakutaka hata kusikia habari ya kwenda bila neno. Alikumbuka kwamba katika arusi ile ya kwanza baba alisimama na glasi ya maji, akambariki dada mkubwa, kisha akasema neno lile si la mmoja, ni la mabinti zake wote. Limo kwenye video, akasema. Kweli, hata mimi nililikumbuka, tulikuwa tumelisikia sebuleni mara nyingi. Basi siku ya arusi litaonyeshwa ukutani, kwa sauti ya baba mwenyewe, na baba mdogo atakaa kwenye kiti chake kama mgeni mwingine yeyote. Wazee wa ukoo walikubali. Ilibaki tu diski ifunguke.

Mimi ni karani kwenye ghala la watu wanaonunua mawe ya shaba. Najaza karatasi kwa kompyuta, nazichapa, nazitia saini, basi. Lakini nyumbani kwetu mtu anayejua kuchapa barua anajua kila kitu chenye waya, kuanzia redio hadi pasi. Nimeshachoka kuwaeleza.

Nilianza kwa kuiosha: maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, kufuta kutoka katikati kwenda ukingoni. Chini ya mafuta nikakuta kitu cheupe kimekauka ndani ya mikwaruzo. Ilikuwa dawa ya meno. Jirani alikuwa amemwambia mama kwamba dawa ya meno inaondoa mikwaruzo. Kabla ya dawa ya meno walijaribu nini, sikuuliza. Kuna mambo ni afadhali mtu asiyajue ili aendelee kumheshimu mzazi wake.

Nikaiingiza kwenye kompyuta. Ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena, kisha ikaniambia hakuna diski. Nikatafuta programu ya kusoma diski zilizoumia. Hiyo inachukua kinachochukulika, inaruka pabaya, halafu inarudi pale pabaya tena na tena, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika mchangani. Ni kazi ya uvumilivu, na uvumilivu mimi sina. Tena betri ya kompyuta yangu ilishakufa, kwa hiyo umeme ukikatika kila kitu kinazimika, na umeme wa Panda hukatika bila kubisha hodi. Zaidi ya mara moja nilifika karibu na mwisho, halafu puu, kioo cheusi, naanza upya. Baadaye sana ndipo niligundua kwamba programu ina mahali pa kuhifadhi ilipofikia, ukipawasha inaendelea kutoka hapo. Maelezo yalikuwepo tangu mwanzo, mimi tu sikuyasoma. Nilijitukana kwa lugha zote zinazosemwa nyumbani kwetu.

Nilichopata mwishoni hakikuwa arusi. Vilikuwa vipande, vingine virefu, vingine vya kupepesa jicho, vyote vina namba badala ya majina. Nikaiachia kompyuta ivipange na kuviunganisha, na kompyuta yangu inaamini kwamba kumi inakuja kabla ya mbili. Keki ikaliwa kabla haijakatwa. Bibi-arusi akatoka kanisani na mume wake, kisha akaonekana amekaa nyumbani anasukwa nywele.

"Mais hawa batu banarudia nini?" mama akauliza nyuma yangu, akishangaa watu kurudi nyuma.

Nikavipanga upya kwa mkono, kipande kimoja kimoja. Vikakubali kuungana, lakini sasa sauti ikawa inatangulia picha: kicheko kinasikika kwanza, midomo inafunguka baadaye. Nikatafuta mahali mchungaji anapopiga makofi, nikaivuta sauti nyuma mpaka kofi lilie pale mikono inapokutana. Nikitengeneza hapa, panaharibika mbele, kwa sababu kila mahali diski ilipokufa picha na sauti zilipotea kwa vipimo tofauti. Nilikuwa narudi kutoka kazini, nakula nimesimama, nakaa chini kusikiliza makofi ya mchungaji. Nilimchukia mchungaji yule, naye masikini hakunikosea kitu. Dada mdogo alipita kila jioni kuuliza kwa upole, "Yaya, papa amefika?" Siku moja nikamjibu vibaya. Akaacha kuuliza, na hilo likaniuma kuliko kazi yenyewe.

Hatimaye baba alifika. Ilikuwa Jumamosi mchana, umeme upo, mama anachambua sombe, majani ya muhogo, nje. Baba akasimama katika suti yake ya kahawia, akainua glasi, kamera ikamsogelea mpaka nikaliona kovu la kidevuni mwake. Akafungua mdomo, ukatoka wimbo wa kwaya.

Nilidhani ni mimi tena, kwamba nimebandika sauti ya kipande kingine. Nikafungua vipande vyote, vizima na vibovu, nikavisikiliza kimoja kimoja. Kwaya ilianza kabla baba hajafungua mdomo na kuendelea mpaka alipoketi, bila mshono wowote. Nikampigia simu yule aliyepiga video, ambaye siku hizi anaendesha lori barabara ya Kolwezi.

"Yaya, bazee banasemaka murefu," akanijibu bila wasiwasi. "Batu bote banalala. Njo maana tulikuwa tunatoa sauti yabo, tunatia wimbo. Njo vile batu balikuwa banapenda."

"Na kaseti ya kwanza, ile yenye sauti?"

"Ile? Tulitia arusi ingine juu yake."

Kwa akili yake hakuharibu chochote, alitupambia. Na sikuweza kumbishia, maana nimeziona video nyingine za wakati ule hapa Likasi: wazee wanasimama, wanakunja nyuso, wananyoosha kidole, na kinachotoka ni kwaya na vinanda. Tulikuwa tunazilipia na kuzisifu. Nilitamani kuitupa simu ukutani.

Nikamwita mama, nikamwambia. Akakataa. Sauti ya mume wake ameisikia kwenye video hiyo hiyo, mimi pia nimeisikia, nisimfanye mwendawazimu. Nikamwonyesha. Akatazama mpaka mwisho, akaniomba nirudie, akatazama tena, mikono bado ina majani ya sombe.

"Njo yeye, ni yeye mwenyewe," akasema taratibu. "Kila siku tulikuwa tunaangalia hii, baba yako alikuwa anashusha sauti ya televizyo, anasema mwenyewe. Pale mu kiti yake."

Nikakumbuka. Baba hakuweza kujitazama akiwa kimya. Kila alipojiona anasimama na glasi alichukua rimoti, akainyamazisha ile kwaya, akatoa hotuba yote upya kutoka kitini, na sisi tulimcheka na kumwambia tumeshasikia. Sauti niliyohangaika kuitafuta haikuwahi kuwa kwenye diski.

Nilipandisha sauti siku ile. Nilisema nimepoteza macho yangu na jioni zangu zote bure, nikasema na mengine ambayo mtoto hamwambii mzazi. Mama akavuta kiti.

"Anza tena pale anasimama," akasema.

Akawa anakuja kila nikitoka kazini, anakaa, anatazama midomo ya baba. Mimi niliona ni kilio tu, nikamwekea bila kuuliza.

Siku ya arusi baba mdogo alikaa mstari wa mbele na glasi ya maji mkononi, kwa sababu mtu alishamwambia kwamba video imekataa, naye akangoja aitwe kutoa neno. Dada mdogo hakugeuza shingo upande wake. Mama akanikonyeza nianzishe. Nikamweka baba ukutani na kuizima sauti, sauti ile ile niliyotokwa jasho kuilinganisha na picha. Baba akasimama, akainua glasi, akafungua mdomo. Mama akainuka kando ya ukuta.

"Mutoto wangu, uende muzuri," akasema, na midomo ya baba ikaenda naye. "Nyumba yako ikuwe na moto na maji. Hii neno haiko ya mumoja, ni ya batoto yangu bote banamuke. Mulango ya hapa haitafungwa."

Wazee wakatazamana. Kwetu mwanamke halisemi neno hilo. Lakini nani angemkatiza, wakati walishakubali kwamba ni neno la baba, na baba yuko pale mbele yao anatamka? Baba mdogo aliinua glasi kidogo, akairudisha magotini.

Mimi nilikuwa kwenye kompyuta, nikijua kipande kinakwisha wapi. Baba akafunga mdomo. Baada ya hapo diski ilikuwa imekufa, hakuna picha nyingine ya kuweka, nikamgandisha ukutani hivyo hivyo, midomo imefungwa. Mama hakunyamaza. Dada mdogo akapiga magoti mbele yake na kuinamisha kichwa, na mama akaendelea kumbariki kwa maneno ambayo baba hakuwahi kuyasema.