Mama yangu wa Kisangani aliomba kibali cha kustaafia Kigoma, na mimi sikumwamini mtu yeyote

Wakuu, salaam kutoka Kisangani.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya tu, leo naandika mwenyewe. Nitakayosema yalitokea nyumbani kwetu, kwa mama aliyenizaa, na sina faida yoyote nikiongeza chumvi. Kiswahili changu ni cha huku mkoa wa Tshopo, kimechanganyika na Kifaransa na Lingala, donc nitajitahidi kuandika kama ninyi mnavyoandika. Nikiteleza mtanivumilia.

Majina nimebadilisha. Mtaa wa Kigoma sitautaja, na mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Kwanza mnijue. Mimi ni Claude, nina cyber ndogo ya intaneti commune ya Makiso, hapa mjini. Watu wanakuja kwangu kujaza fomu za visa, za bourse za masomo, za ile loterie ya Amerika. Nimeona utapeli wa kila rangi. Nimeona visa ya Canada ambayo neno Canada lenyewe limekosewa. Nimeona mchungaji analia mbele ya keyboard yangu. Kwa hiyo kuamini mtu haraka, mimi sina hiyo tabia.

Mama yangu, Mama Georgine, alikuwa mkunga maisha yake yote. Alianzia hospitali ya mission, akamalizia kwa shirika moja la wageni, na hilo shirika linamlipa pension yake kila mwezi bila maneno. Kwa huku kwetu hiyo ni bahati kubwa. Papa, baba yangu, alishafariki.

Baada ya retraite, yaani kustaafu, alibaki kwenye parcelle yetu, kiwanja cha familia, commune ya Tshopo. Anaishi na dada yangu mdogo Bibiche na watoto wake, na binamu wa Yahuma anayesoma chuo, na tantine mmoja, shangazi wa Banalia aliyekuja kutibiwa mguu. Mguu ulipona, tantine akabaki. Watoto wangu nao wakitoka shule wanashukia hapo mpaka nifunge cyber.

Nyumba ya kawaida. Hivyo ndivyo nilivyoiona.

Sasa siku moja jirani yangu wa kazi, kijana anayepiga picha, akaniuliza:

"Grand, mama anasafiri wapi?"

Nikamwambia mama hasafiri.

"Alipiga picha za passeport kwangu wiki iliyopita. Aliniambia nisikwambie. Bon, nilifikiri ni surprise."

Wakuu, hilo neno "nisikwambie" lilinitosha. Nikafunga cyber mchana ule ule, nikapanda pikipiki mpaka nyumbani. Nikamkuta uani anachambua pondu, yaani kisamvu.

"Mama, picha za passeport ni za nini?"

"Ni za passeport."

"Passeport ya kwenda wapi?"

Hakuinua kichwa. "Niko nahamia Kigoma. Naomba kibali ya ba-retraités. Dossier imeshaanza."

Nikadhani nimesikia vibaya. Mama yangu ni mtoto wa Yanonge, mtoto wa mto. Umri ule, Kigoma kuna nini? Akasema kuna rafiki yake, Rehema, nesi mstaafu kama yeye. Walifanya kazi pamoja kambi za wakimbizi upande ule, wakati shirika lilimpeleka huko na sisi tukabaki na Papa. Rehema ni mjane, ana nyumba, ana chumba.

"Na nani anashughulikia dossier?"

"Ni yeye."

Hapo kengele zote zikalia. Mama mzee mwenye pension ya uhakika. Rafiki wa zamani anayetokea kwenye WhatsApp. Chumba cha bure. Mambo ya siri ambayo mtoto hatakiwi kujua. Kama mteja angeniletea habari hiyo kwenye cyber, ningemwambia afute namba na kubadilisha simu.

Nikaiba namba kwenye simu ya Mama, nikapiga.

Na hapa niwaambie kitu ambacho ninyi wa huko hamwezi kukijua. Huku kwetu Kiswahili kilichonyooka sana kinatutia wasiwasi. Wakati wa vita, waliokuwa wanaongea Kiswahili kama cha redio mara nyingi walikuwa na bunduki. Sasa huyu mama akapokea:

"Hujambo mwanangu. Mama yako aliniambia utapiga. Uliza lolote unalotaka."

Kiswahili kimepigwa pasi. Nikazidi kumshuku. Nikamuuliza anamjua Mama tangu lini, akanieleza. Nikamuomba picha ya nyumba, akatuma. Nikaona ni safi mno, mtu anaweza kuichukua popote. Nikamuomba video. Akatembea na simu mlango kwa mlango, mpaka kwenye banda la kuku. Bado. Nikamwambia aandike jina langu kwenye karatasi asimame nayo mbele ya nyumba.

Akaandika. Chini yake akaongeza, "Na wewe karibu."

Hakukasirika hata kidogo. Hilo nalo likanitia shaka, maana mtu mwaminifu hukasirika ukimhoji kama mwizi. Ama sivyo, wakuu?

Nikabadilisha njia. Nikasema hapa kuna mwanaume. Labda huyu Rehema ana kaka mjane anayetafuta mke mwenye pension. Nikamwendea Mama tena, nikazunguka zunguka, mwisho nikauliza.

"Claude, kama kungekuwa mwanaume, wewe ungenielewa mbio zaidi."

Akaendelea na kazi yake. Mimi nikaondoka na jibu ambalo sikulielewa.

Niweke mabano hapa kwa wanaoulizia utaratibu. Siku hizi Mkongomani kuingia Tanzania kutembea si shida kubwa. Shida ni kukaa. Kwa kukaa muda mrefu kama mstaafu unahitaji kibali, na sisi tuliombwa uthibitisho wa pension, extrait ya casier judiciaire kuonyesha huna kesi, barua ya mwenyeji, picha na passeport yenye muda wa kutosha. Maombi ni online, na Rehema mwenyewe alikwenda mara kadhaa ofisi ya uhamiaji. Kwako inaweza kuwa tofauti, ulizia kabla hujaanza. Narudi kwenye habari.

Passeport ilishatoka, zikabaki kurasa zake tu za kutuma. Passeport ikapotea.

Mama alitafuta kwenye sanduku, chini ya matelas ya kitanda, kwenye Biblia. Hakuna. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema labda ni Roho anazuia. Lakini Mama hakulia wala hakugomba. Alimpigia simu mdogo wake, tonton Dieudonné wa Yanonge, akamwambia apande pirogue ya moteur, mtumbwi wa mashine, aje.

Tonton alifika Jumamosi, na Jumapili baada ya misa tukakaa wote sebuleni. Tonton ni mtu wa mto, maneno yake ni machache. Bibiche alikuwa amepika samaki na ndizi za makemba, tukasema tule huku tunaongea.

Mimi nikaanza. Nikaeleza yote, kama wakili. Utapeli wa mtandaoni, wazee wanaonyang'anywa pension, watu waliopokelewa vizuri wiki moja na wiki ya pili wakageuzwa watumishi. Tantine wa Banalia akaongeza kwamba huko mbali watu wanalogwa kwa chai.

Tonton akamgeukia Mama, ambaye kwake ni yaya, dada mkubwa. "Yaya, huyo mwanamuke amekuahidi nini?"

"Aliniahidi nitalala."

Tukangoja aendelee. Alikuwa anafungua kinywa, tukasikia hodi kwenye lango. Mwanamke wa avenue ya pili, mtoto mgongoni, mtoto anachemka kwa homa.

Mama aliweka sahani chini, akatoka.

Sisi tukaendelea kula. Nilikuwa nimezoea, hata sikugeuka. Tonton peke yake aliacha kula. Alikaa anatazama mlango, anasikiliza Mama akiuliza maswali yake ya siku zote: ameanza lini, ametapika, amekojoa. Mama akaingia kuchukua thermomètre, akatoka. Akaingia kuchukua maji, akatoka. Aliporudi kukaa, mikono bado imelowa, samaki alishapoa na paka alishapata sehemu yake.

Tonton akauliza polepole, "Huyu ni wa kwanza leo?"

"Ni wa tatu. Asubuhi wawili, mbele ya misa. Wa usiku usiniulize."

"Na uko retraite."

"Kazi ilinipa retraite," Mama akasema. "Hapa sijaipata bado."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja anwani yake.

Mtasema, si afunge lango tu? Wakuu, mtu aliyezalisha nusu ya avenue hawezi kufunga lango. Anamjua kila anayepiga hodi tangu alipomkata kitovu. Na ndani ya lango tulikuwepo sisi. Watoto wa Bibiche, watoto wangu, binamu, tantine na mguu wake. Nilikuwa nimetafuta mtu anayemtumia mama yangu, nimemtafuta mpaka Kigoma.

Tonton akanawa mikono. "Passeport ya dada yangu, aliyeichukua ailete."

Bibiche akaanza kulia.

"Ni miye. Tonton, batoto nitabaachia nani? Miye niko nauza ku soko kutoka asubuhi mpaka giza. Mama akienda, ni nani atabaangalia?"

Aliitoa ndani ya gunia la mchele. Mama alimshika bega, lakini mkono wa pili ulishapokea passeport.

"Watoto wana mama yao," Mama akasema. "Tutapanga."

Wakapanga kweli. Binamu wa Yahuma akapewa zamu ya mchana, na tantine akaambiwa kwa upole kwamba mguu unaweza kubeba maji. Wangu wanakuja cyber, wanafanya devoirs zao za shule chini ya meza. Si rahisi, lakini inaenda.

Kibali kilitoka baada ya miezi. Nilikikagua kama mwanajeshi wa barrière ya barabarani. Nikaandikia ofisi ya huko kuuliza kama ni cha kweli, wakajibu ni cha kweli. Hata hivyo nikasema Mama haendi peke yake, nitamfikisha mimi, nione kwa macho yangu. Ndege mpaka Kinshasa, nyingine mpaka Dar, halafu basi mpaka miguu ikavimba.

Nyumba ilikuwa ile ile ya kwenye video. Rehema ni mfupi, mnene kidogo, anacheka na mabega. Walipokumbatiana na Mama, nikaangalia pembeni.

Nikaanza kulegea.

Kesho yake mchana tumekaa uani, jirani akaingia kusalimia. Akampa Mama mkono. "Karibu sana, Mama Fundi. Dada Rehema alituambia unakuja."

"Asante," Mama akasema.

Mama Fundi? Jirani akaendelea, anafurahi kwamba mtaa umepata fundi cherehani wa Kikongo, maana Wakongo wanajua kushona. Mama anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Mama yangu, ambaye kifungo cha shati langu alikuwa ananiambia nipeleke kwa fundi.

Nikasema ndiyo hii sasa. Watu wa kweli hawabadilishi kazi ya mgeni. Kama wamedanganya hilo, kwenye fomu wameandika nini? Nikamvuta Rehema mpaka kwenye bomba la maji.

"Mama Rehema, kwa nini unawaambia watu uongo juu ya mama yangu?"

Akanitazama, kicheko kimeisha. "Uhamiaji nimewaambia ukweli. Karatasi zote zinasema mkunga mstaafu, kasome. Majirani ndio nimewaambia cherehani." Akafunga bomba. "Mimi hapa walijua ni nesi tangu siku ya kwanza, mwanangu. Mpaka leo nikioga wananigongea bafuni. Nilipompata mama yako kwenye simu, nikamsikia alivyochoka, nikasema huyu angalau nimuwahi kabla hawajamjua."

Tuliporudi uani, jirani alikuwa ameshakwenda kwake na amerudi na gauni la sare la binti yake, limeachia ubavuni. Anamuuliza Mama kama anaweza kulishika kidogo tu.

Mama alilipokea, akaligeuza ndani nje kwa makini, kama anakagua mtoto mchanga. Akamrudishia.

"Pole, mama. Cherehani yangu ilibaki Kongo."

Akaaga vizuri, akaenda chumbani kwake, ikiwa bado jua kali. Nikasikia ufunguo unazunguka kwa ndani. Rehema akaniletea chai. Niliinusa kwanza, lazima nikiri, kisha nikanywa. Mama alitoka jua likizama, mashavu yana alama za mto wa kulalia.

Wakuu, hilo ndilo lililonikuta. Nilichojifunza: ukiona mzee wako anapanga kuondoka kimya kimya, chunguza anakokwenda, ni haki yako. Lakini chunguza na anakotoka, hata kama anakotoka ni kwako. Mimi sikufanya hivyo mpaka tonton alipoacha kula.

Rehema bado namfuatilia, msidhani nimelala. Napiga video kila Jumapili.

Wenye uzoefu na vibali vya wastaafu, hasa wakati wa ku-renew, naomba mniambie ukweli, msinipambe. Na wenye wazazi waliohama, semeni mliishije baada ya hapo.

Wa Kigoma, mkikutana na mama mmoja wa Kikongo mwenye mikono mizuri kwa watoto wachanga, mimi sijui lolote. Ni fundi cherehani.