Fundi Kufuli Asiyeamini Kufuli

Hebu mweke machoni mwako mtu huyu akifika kazini asubuhi. Anakuja kwa mwendo wa haraka, mkoba begani, kofia imekaa upande kidogo. Anafika kwenye kibanda chake cha kuchonga funguo, kilichobanwa kati ya duka la vitambaa na kibaraza cha fundi viatu. Anatoa salamu. Anaanza kuutua mkoba. Ghafla uso unabadilika, kama mtu aliyekumbuka sufuria aliyoiacha motoni. Mkoba unapanda tena begani.

"Narudi mara moja," anasema. Na huyoo, anakwenda nyumbani kuangalia kama amefunga mlango.

Mlango umefungwa. Jana ulikuwa umefungwa, juzi pia. Na mtu mwenyewe ndiye fundi kufuli wa mtaa mzima! Kitasa kikimeza ufunguo, anaitwa yeye. Akiubana ufunguo kwenye jiliwa na kuanza kuupitishia tupa, utadhani anasikiliza chuma kikimsimulia habari. Lakini kufuli la mlango wake, alilolifunga kwa mkono wake na kulivuta ahakikishe, hakuliamini hata kidogo. Ndiyo maana watu wakamvua jina la ufundi wakamvika jingine: Narudi.

"Wewe Narudi," fundi viatu alikuwa akimtania, "mimi kiatu nikikishona nakivaa. Wewe unatuuzia kufuli usiloliamini? Si ungetuambia mapema tukanunua kamba?"

"Kamba nazo zinafunguka, ndugu yangu."

Wanacheka wote. Narudi naye anacheka, ila kicheko chake hakikufika tumboni.

Maana mlango ulikuwa jambo dogo. Taabu kubwa ilikuwa kwenye bomba la msikitini. Akitawadha, anaosha mkono, anajiuliza kama maji yamefika kwenye kiwiko, anaosha tena. Anafika miguuni, anaanza kuutilia shaka uso. Akija kuingia kwenye safu, anapiga takbira, anahisi nia haikukaa sawa, anaivunja, anaanza upya; imamu ameshainama kwenye rukuu. Na yeye wala hakuliita jambo hilo hofu. Aliliita uchamungu. Moyoni alikuwa akisema, hawa wenzangu wanachukulia dini kirahisi, mimi ndiye ninayejali.

Mpaka siku aliyozikwa kaka yake. Jeneza liko mbele, watu wamepanga safu, na mdogo wa marehemu yuko bombani, anaosha, anarudia, anaosha. Alisikia salamu ya mwisho ya sala ya jeneza huku maji yakimchuruzika viwikoni. Kaka aliyemlea, na hakumswalia. Tangu siku hiyo kicheko kikazidi kuwa cha juu juu.

Sasa binti yake, mtoto wa pekee, akachumbiwa na kijana wa watu, kijana mwenye adabu zake. Mambo yakaenda vizuri, siku ya ndoa ikapangwa. Jioni moja binti akamletea baba yake chai, akaketi kitako mbele yake.

"Baba, siku ile utaniozesha mwenyewe, eti?"

Narudi akakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa. "Nitamweka sheikh awe wakili wangu, mwanangu. Sheria inaruhusu."

"Najua inaruhusu. Lakini mimi nataka sauti yako."

"Sauti ya sheikh ni nzuri zaidi."

"Baba!" Binti akacheka, kisha hakucheka. "Sheikh ana mabinti zake. Mimi nina wewe."

Akaondoka, akamwachia kikombe na ule mzigo. Narudi alijiona ameketi mbele ya watu, akisema neno, akiliona halikutoka sawa, akilirudia, na kulirudia, bwana harusi ameshikwa mkono hajui aitike lipi. Au mbaya zaidi: watu wanamngoja ndani, yeye yuko bombani.

Kesho yake akaenda kwa sheikh wa msikiti wa mtaani, mzee mwembamba mwenye utani mwingi, akamwomba amwozeshee binti yake.

"Kwa nini? Unaumwa koo?"

"Hapana, sheikh. Nina wasiwasi."

"Una nini?"

"Nina wasiwasi tu."

Sheikh akamtazama kama mtu aliyeona sarafu barabarani. "Hebu niambie. Ile sura ya mwisho ya Kurani, tunayowafundisha watoto mwanzo kabisa. Ukiisoma, unaomba kinga na shari ya nini?"

Narudi akafungua kinywa ajibu, akaanza kwa Kiarabu kama alivyozoea. Alipolifikia neno lenyewe akakwama. Lilikuwa lilelile. Tangu utotoni, kila siku, alikuwa akimwomba Mungu amkinge na anayetia wasiwasi. Kisha akitoka kwenye mswala anasema nina wasiwasi, na anaufuata kokote unakomwita.

"Kwa hiyo... huu si uchamungu?"

"Uchamungu wa nani? Umetawadha, una hakika. Shaka ikija baadaye, hakika yako iko palepale. Na mtu mwenye shaka nyingi kama wewe, sheria inamwambia azipuuze. Haikubembelezi, inakuamuru."

"Na kama kweli maji hayakufika?"

"Ewe mja wa Mungu! Unadhani Mola wako anakuvizia kwenye kiwiko?"

Narudi akacheka, na machozi yakamlenga. Lakini sheikh hakuishia hapo. "Mimi nimekupa hukumu," alisema, "na ninajua ukifika nje utaitilia shaka na hiyo hukumu. Pale kwenye kituo cha afya kuna mama mshauri, amesomea saikolojia. Nenda."

"Sheikh, mimi si mwendawazimu."

"Ukienda kung'oa jino, wewe ni mwendawazimu wa meno? Nenda, bwana."

Chumba cha mshauri kilikuwa na viti viwili, feni, na dirisha lenye komeo lililolegea. Narudi alilikaza lile komeo kwa bisibisi yake kabla hajaketi vizuri. Mshauri, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alimwacha amalize.

"Ukirudi nyumbani ukakuta mlango umefungwa, unapata nini?" akamuuliza.

"Nafuu."

"Inadumu?"

"Mpaka njia panda."

"Basi hiyo nafuu ndiyo mshahara wa hofu yako. Kila ukirudi, akili inajifunza kwamba umesalimika kwa sababu ulirudi. Kesho itakudai tena. Tufanye hivi: funga mara moja, ondoka. Hofu itapanda. Usibishane nayo, usiikimbie. Iache ipande mpaka ichoke, itashuka yenyewe. Na usimuulize mtu. Kumuuliza mtu ni kurudi kwa mdomo."

Narudi akasema sheikh naye amemwambia apuuze. Mama mshauri akatabasamu. "Yeye amekuonyesha mlango. Mimi nakusaidia miguu ijifunze kupita." Kisha akaomba aonane na mke.

Jumapili iliyofuata mume na mke wakatoka kwenda kumtazama shangazi. Walipofika kwenye kona, Narudi akasimama.

"Mama watoto, nimefunga?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Si ulikuwa umesimama nami pale pale?"

"Nilikuwa naangalia ndege."

"Ndege gani?"

"Wa kijani. Twende, baba watoto."

Maskini mama yule! Miaka yote alikuwa akijibu "umefunga, umefunga" kwa huruma, na sasa huruma yenyewe ilitakiwa ifunge mdomo. Alitembea mbele asimwone mumewe anavyotokwa jasho. Narudi alimfuata, miguu inataka nyumbani. Walipobisha hodi kwa shangazi, yeye alikuwa bado anawaza wezi. Katikati ya chai akagundua kwamba amemaliza mkate mzima bila kuwaza chochote. Akamtazama mkewe. Mkewe akajifanya anapuliza chai.

Nisikudanganye kwamba mambo yalinyooka. Kuna siku alirudi, tena mbio. Kuna alfajiri alizoshindwa pale bombani. Lakini alianza kupiga takbira moja na kusonga nayo, hata moyo ukipiga kelele kwamba imeharibika. Anaswali na kelele zake hivyohivyo, akimwachia Mola wake ahesabu.

Siku ya ndoa ikafika. Bombani aliosha kila kiungo kama alivyofundishwa, akafunga maji. Mkono ulirudi kwenye bomba wenyewe. Akautazama, akauingiza mfukoni ukiwa umelowa, akaingia ndani.

Watu walikuwa wamejaa. Bwana harusi aliketi mbele yake, mashahidi pembeni, mmoja wao fundi viatu, leo kimya kama maji mtungini. Sheikh alitoa hotuba fupi, kisha akamgeukia. Hakumuuliza kama ataweza. Alimpa tu kipaza sauti.

Narudi akaushika mkono wa kijana. Ulikuwa wa baridi kuliko wake; kumbe na huyu anaogopa! Akamtaja binti yake kwa jina lake kamili, akasema, "Nimekuoza binti yangu kwa mahari mliyoafikiana."

Basi. Maneno yakatoka. Hapo hapo ile sauti ikamjia sikioni: jina ulilitamka sawa? Ulisema nimekuoza au nitakuoza? Rudia, rudia, watu wengi hawa, ndoa ikiharibika je? Macho yake yakamwendea sheikh, ulimi ukaja mpaka kwenye meno. Swali moja tu lingemaliza taabu. Akaubana mkono wa kijana, akanyamaza. Jasho likashuka mgongoni, lile nalo akaliacha lishuke.

"Nimekubali kumuoa," kijana akaitika.

Watu wakasema alhamdulillah kwa pamoja. Fundi viatu alifuta pua kwa mkono wa kanzu.

Nje, upande wa wanawake, binti alikuja akamwinamia baba yake begani. "Nimeisikia sauti yako, baba."

Narudi alitaka kumuuliza: umesikiaje, nilisema sawasawa? Swali lilikuwa tayari mdomoni. Akasema, "Alhamdulillah, mwanangu," na kwa mbali akamwona mkewe amesimama na mikoba ya watu, akimtazama, naye midomo yake ikisema neno lilelile.

Ile sauti ilikuwa bado inanong'ona, wala haikuaga. Akashukuru nayo ikiwa hapo hapo, akamshukuru Mola, na sheikh, na mama mshauri, na mwanamke yule aliyeangalia ndege.

Sasa nikuulize wewe uliyenisikiliza mpaka hapa: shukrani ile ilikuwa ya mtu aliyepona, au ya mtu aliyeacha kungoja apone ndipo ashukuru?